Mchele wa Shangazi Mariana

Bertilla alianza kumdharau Mtumishi Kasmir hata kabla hajamtia machoni. Alikuwa kibarazani kwake, Kizwite, mjini Sumbawanga, anapepeta maharage na upepo unamsaidia kazi, mara uwanja ule wa nyuma ya mashine ya kusaga ukatoa mlio wa mtu anayejaribu spika. Moja, mbili. Moja, mbili. Yesu, Yesu. Moja, mbili.

"Lo!" Bertilla alisema peke yake. "Yesu naye amekuwa namba."

Alipokuja kumwona, dharau ikanenepa. Mtu alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa katika mji wa vumbi jekundu, ana kijana wa kumbebea leso na mwingine wa kumbebea Biblia, kana kwamba Neno la Mungu ni tofali. Alisema Kiswahili cha kuvuta vuta, cha mtu aliyelelewa ng'ambo, ingawa kwao ni Mpanda na kila aliyetoka huko alikuwa anamjua. Jioni baada ya jioni alifundisha watu dalili za mashambulizi ya kiroho. Ukiota unakula, umeshambuliwa. Ukiota maji, umeshambuliwa. Ukiota umerudi darasani na kaptula yako, umeshambuliwa tena vibaya sana. Kwa maelezo yake, hapakuwa na mtu Ufipa nzima aliyewahi kulala akaamka salama.

Watu walijaa. Hilo ndilo lililomkera Bertilla kuliko suti. Nchi nzima ikisikia jina la Sumbawanga hucheka na kuuliza habari za radi na uchawi, na wenyeji hukasirika, halafu anakuja mtu na turubai kuwaambia hayohayo, nao wanampa kiti.

Si kwamba Bertilla hakuamini kuwa shetani yupo. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Monika, mjane, mchuuzi wa maharage na ulezi sokoni, na miaka yote alikuwa amesali rozari akiomba kuepushwa na yule mwovu. Ila alimwona shetani kama anavyomwona kicheche: yupo, anaiba, unafunga banda, unalala. Kumfanyia mkutano wa hadhara wenye spika nne aliona ni kumtukuza.

Siku ya Jumatano alasiri, mdogo wake Teodori alikuja na mkewe, Lydia. Teodori ni fundi pikipiki, mtu mpole, mwenye mikono ya grisi isiyotoka hata Pasaka. Lydia alikuwa amembeba mgongoni mtoto wao, Jenifer, ingawa Jenifer alikuwa mkubwa wa kutembea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoto anaumwa tena?"

"Ameanguka jana mara mbili," alisema Lydia.

Jenifer alikuwa na kifafa. Hospitali walikuwa wamesema hivyo waziwazi, wakampa vidonge, na kwa miezi kadhaa mtoto alikaa vizuri, akacheza kamba na wenzake.

"Vidonge anakunywa?" Bertilla aliuliza.

Teodori ndiye aliyejibu. "Mtumishi amesema tuviache kwanza. Amesema vidonge vinaifunika roho ile isionekane. Na dada, ameiona. Ametuambia bila sisi kumwambia kitu. Amesema ni mwanamke mzee, wa upande wa baba, anakaa chini bondeni, na amewahi kuleta chakula ndani ya nyumba yetu."

"Nani huyo?"

"Dada, unamjua."

Shangazi yao, Mariana, aliishi Ilemba, chini bondeni. Pasaka alikuwa amepanda na lori, amewaletea wote mchele. Mama yao alipofariki, Teodori akiwa bado wa kunyonya, shangazi Mariana ndiye aliyemfunga mgongoni akashuka naye kwake, akamnywesha uji wa mchele mpaka akawa mtu wa kwenda shule.

Bertilla alicheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Kwa hiyo kila mzee wa bondeni anayebeba mchele ni mchawi? Basi tukamateni sote, maana mimi naula. Teodori, wewe fundi, pikipiki ikizima unatafuta aliyeiloga au unafungua plagi? Na wewe, Lydia, una akili za kuku? Unamnyima mtoto dawa kwa maneno ya mtu asiyejua hata kufunga tai?"

Lydia aliinuka. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge, akatoka. Teodori alimfuata.

Kesho yake Bertilla alienda uwanjani kwa Kasmir. Hakwenda kusali. Alikwenda kama mtu anayekwenda kutazama nyani, ili akirudi ajue vizuri namna ya kumcheka. Alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, mdomo ameubana upande mmoja.

Kasmir alimwona. Watu wa kazi ile wana macho makali. Aliacha mahubiri, akanyoosha kidole juu ya vichwa vya watu.

"Mama mwenye kilemba cha bluu. Umekuja kunidharau. Sawa. Lakini kuna msiba uliupitia, na siku ile uliona kitu ukanyamaza. Mama, uliona."

Ujinga mtupu. Mwanamke wa umri ule, Kizwite, atakosaje msiba? Angemnyooshea kidole yeyote pale na angepata msiba. Bertilla alilijua hilo palepale, akaguna, akaondoka zake.

Lakini alipofika kwenye kona ya duka la mbolea alikuwa tayari ameanza kukumbuka.

Alikumbuka mazishi ya mumewe, Victor. Victor alikuwa ameanguka shambani akipalilia mahindi, akafa kabla ya jua kuzama, na madaktari wakasema moyo. Siku ya mazishi watu wote walilia. Shangazi Mariana hakulia. Alikaa pembeni peke yake, ameegemea ukuta wa jiko, anavuta ugoro, anatazama tu. Bertilla aliona jambo hilo siku ile na hakulifikiria tena. Sasa lilirudi lenyewe, na halikurudi peke yake. Lilikuja na mengine. Kwamba shangazi alikuwa amelala kwao wiki moja kabla. Kwamba macho yake ni mekundu. Kwamba watoto wake wawili walikufa wadogo na yeye anazidi kuishi tu. Kila kimoja kilikaa mahali pake vizuri, kama matofali, na Bertilla aliyekuwa hodari wa kujua nani anamdanganya sokoni alijiona ni mtu mwerevu kwa kuweza kuyapanga.

Alijiambia haamini. Aliendelea kujiambia hivyo siku zote zilizofuata. Lakini Jumamosi, akitafuta kitu cha kupika, aliufungua mfuko wa mchele wa shangazi uliokuwa umebaki nusu, akautazama, akautoa uani na kuwamwagia kuku wote. Kisha akapika ugali wa ulezi. Alikula akiwaangalia kuku kama watakufa.

Kuku hawakufa. Walinenepa.

Jumapili baada ya misa, jumuiya ilikutana kwake. Bertilla alikuwa kiongozi, na maneno ya sala aliyajua kama jina lake. Walisali Baba Yetu kwa pamoja. Walipofika kwenye kusamehe, sauti yake ilikatika. Wenzake waliendelea bila yeye. Alijaribu kuingia tena, akashindwa, maana kila alipofungua mdomo aliona yale macho mekundu, na moyoni palikuwa na kitu kikavu kama ganda la hindi. Ndipo akajikagua. Tangu Alhamisi hakuwa amesali. Rozari alikuwa ameishika, vidole vimepita punje zote, lakini kilichokuwa kinasemwa kichwani ni kesi ya shangazi, ushahidi baada ya ushahidi. Usingizi umemwacha. Chakula hakina ladha. Amekuwa akiogopa kuku wake mwenyewe.

Wanajumuiya walipoondoka alibaki amekaa kwenye mkeka, na taratibu aibu ikaanza kumpanda kutoka miguuni.

Hili ndilo shambulio, alijiambia. Halikuja kwa ndoto wala kwa maji, na shangazi hakulituma kutoka bondeni. Lilipita mlango wa mbele mchana kweupe, limevaa nguo za mtu mwenye akili. Na lilimkuta amesimama pale uwanjani anawacheka wengine, hana habari, banda liko wazi.

Aibu ile ilikaa naye muda. Kisha, kwa kuwa alikuwa Bertilla, ikageuka ikawa kitu kingine.

"Ndiyo haya tu?" alimwambia yule mwovu kwa sauti, chumbani peke yake, kama anavyomsema mchuuzi mwenye mizani mbovu. "Umezunguka dunia yote, umeona wafalme wameanguka, halafu unanijia na ajuza na kopo la ugoro? Hilo ndilo ulilopata? Huoni haya? Ondoka. Kwa jina la Yesu, ondoka nyumbani kwangu, na usirudi na uchafu wa bei rahisi namna hii."

Akapiga magoti, akasali Baba Yetu polepole, neno kwa neno. Alipofika palepale pagumu alisimama, akalitaja jina: Mariana. Akalipitisha kwa nguvu, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa. Halikuwa tamu. Lilipita.

Jumatatu asubuhi alipata habari sokoni. Kasmir alikuwa ametangaza safari ya kushuka Ilemba kuvunja madhabahu ya giza nyumbani kwa mwanamke fulani, kesho yake, na vijana wa maombi kwenye gari lenye spika. Fundi Teodori ataonyesha njia.

Bertilla hakuuliza mara mbili. Kila mtu wa huko anajua ajuza akishatajwa kwenye spika huwa anabaki na maisha ya namna gani, kama akibaki nayo. Aliacha maharage yake kwa jirani, akapata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga, akakaa mbele na dereva. Baridi ya juu waliiacha kwenye ukingo wa milima. Kila kona waliyoshuka iliwavua nguo moja, mpaka walipofika chini joto likawa limewakalia mabegani na Ziwa Rukwa linang'aa kwa mbali kama bati.

Shangazi Mariana alikuwa uani, ameanika mpunga, anawafukuza ndege kwa fimbo na matusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umefuata nini siku ya kazi?"

Hakuwa mzee mtamu. Bertilla alikuwa amelisahau hilo njiani, katika kumhurumia. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akamweleza yote bila kupunguza: mtoto kuanguka, Kasmir, Teodori, gari litakalokuja kesho. Shangazi alisikiliza huku anavuta ugoro. Jina la Teodori lilipotajwa, mkono wake ulisimama kidogo hewani, kisha ukaendelea.

"Na mimi pia," Bertilla alisema. "Nilikufikiria vibaya. Siku ya mazishi ya Victor hukulia. Niliunganisha na mambo mengine. Nikaumwaga mchele wako."

"Wote?"

"Uliobaki wote. Nikawapa kuku."

Shangazi alimtazama kwa yale macho mekundu ya moshi wa miaka sitini ya jikoni.

"Mpumbavu," alisema. "Mchele ule nilipepeta mwenyewe." Alipiga chafya, akapangusa pua. "Victor sikumlilia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulia njia nzima kwenye lori. Nilipofika kwako sikuwa na kitu ndani. Ulitaka nitoe wapi?"

"Nisamehe, shangazi."

"Chota maji uoshe sufuria. Midomo haijazi tumbo."

Wakapika. Bertilla alilala pale. Kesho yake, jua likiwa juu, walikuwa wamekaa mlangoni, sinia moja kati yao, wali na kambale wa mchuzi, ndipo waliposikia spika zinakuja kwa nyimbo. Watu wa kijiji walitoka majumbani. Gari lilisimama mbele ya mpunga ulioanikwa, karibu liukanyage. Vijana wakaruka. Kasmir alishuka mwisho, na suti ile ya maziwa ilikuwa imeshika jasho mgongoni ikafanana na ramani.

Teodori alishuka pia. Alimwona dada yake, akasimama kama aliyesahau amekuja kufanya nini.

"Tokeni hapo mlangoni!" Kasmir alipaaza sauti kwenye spika. "Mwanamke wa giza, nakuamuru!"

Shangazi Mariana alichagua mwiba kwenye samaki. "Huyu mbona anapiga kelele na tuko hapa?" alimwuliza Bertilla.

Mtu mmoja katika kundi la kijiji alicheka. Kasmir alisogea.

"Mama, nakutambua," alimwambia Bertilla. "Wewe ndiye wa kilemba cha bluu. Nilikuonya. Sasa unakula kwenye chungu chake. Umeshafungwa."

Bertilla alimeza tonge lake kwanza. Aliogopa, maana vijana walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa na mashoka ya kuvunjia hiyo madhabahu. Lakini alipomtazama mtu yule, jasho, viatu vilivyochongoka, mtu mzima aliyetoka mbali na gari zima la spika kuja kumtisha bibi anayekula chakula chake cha mchana, hofu ilikosa mahali pa kukaa.

"Mtumishi," alisema, "unafundisha mashambulizi ya kiroho. Nimelipata moja. Lilinianza siku uliponinyooshea kidole. Niliacha kusali, nikaacha kulala, nikamchukia aliyemlea ndugu yangu. Nilipolichunguza nikakuta lina sauti yako. Sisemi wewe ni shetani. Usijipe ukubwa. Wewe amekuazima tu, kama mtu anavyoazima jembe, na atakurudisha ukiisha makali."

"Asikilizwe? Huyu asikilizwe?" Kasmir aliwageukia vijana.

"Tusali basi," Bertilla alisema. "Kama wewe ni mtu wa Mungu na huyu ni mchawi, tutasikia nani ataiweza sala. Baba Yetu uliye mbinguni..."

Shangazi alijiunga, kwa sauti ya kukwaruza, mdomoni kuna wali. Watu wa kijiji, ambao wengi walikuwa wakisali naye kigangoni kila Jumapili, wakaitikia. Vijana wawili wa Kasmir walivua kofia kwa mazoea. Kasmir alianza kukemea juu ya sala, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, akipandisha sauti kila walipopandisha yao, na ikawa wazi kwa kila mwenye masikio kwamba mtu huyu anashindana na Baba Yetu.

Sala ilipokwisha watu wa kijiji walifanya ishara ya msalaba. Mwenyekiti wa kijiji alifika, amekimbia kutoka shambani na tope miguuni, akauliza kwa upole kama Mtumishi ana ruhusa ya mkutano, na yale mashoka ni ya kukata nini. Kasmir alieleza kwa urefu. Mwenyekiti alimsikiliza, akasema amekwisha kuwapigia polisi, wanakuja, kwa hiyo hana haja ya kueleza mara mbili. Kasmir akapata simu ya ghafla iliyomtaka kwingine. Gari likageuza.

Teodori hakupanda. Alibaki amesimama katikati ya uwanja.

"Njoo ule," shangazi alimwambia.

Hakuja. "Siwezi, shangazi. Bado naogopa."

"Unaogopa wali wangu? Huo ndio uliokuweka hai."

"Najua." Alianza kulia, mtu mzima, mbele ya kijiji. "Najua, lakini bado naogopa."

Bertilla alikuwa na neno la kumwambia, kali, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaliangalia neno lile. Lilikuwa na werevu uleule wa kupanga matofali. Akalimeza na tonge.

"Basi kaa," alisema. "Usile. Kaa tu."

Teodori akaja, akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta, mbali kidogo na sinia. Shangazi alimsukumia fimbo ya ndege. Alifukuza ndege mpaka jioni.

Hakuna muujiza uliofuata. Kasmir alihamisha turubai lake, na huko alikohamia walijaa vilevile. Huko Sumbawanga, wengine walisema Bertilla amekula nyama ya kichawi na ndiyo maana anamtetea ajuza. Wateja wawili wakahamia meza nyingine sokoni. Aliwaona ni wapumbavu, na kila asubuhi ilimbidi awaombee kwa majina yao, kazi ambayo aliichukia kuliko kubeba magunia.

Aliporudi kutoka Ilemba alikwenda kwa Lydia moja kwa moja, na vumbi lake. Lydia alikuwa anafua. Hakumkaribisha.

"Wifi," Bertilla alisema, "nilikuambia una akili za kuku. Ulikuwa mama mwenye hofu. Mtoto akianguka mbele yako, mtu akikwambia shika kamba, unashika, hata kama ni nyoka. Nilitakiwa nikushike mkono. Mimi nikacheka."

Lydia aliendelea kufua, akakamua gauni, akalikamua tena ingawa halikuwa na maji.

"Vidonge vipo," alisema mwisho, bila kuinua uso. "Sikuvitupa. Nilivificha Teodori asivione. Jana nilimpa kimoja."

"Umefanya vizuri."

"Naogopa wifi. Naogopa vidonge, naogopa kuacha vidonge."

"Keshokutwa ni kliniki?"

"Ndiyo."

"Tutakwenda wote." Bertilla alikunja mikono ya gauni, akavuta beseni la pili, akaanza kusuuza. Jenifer alikuwa amelala mkekani mlangoni, mdomo wazi, nzi akimtembea shavuni. Lydia akamfukuza yule nzi kwa mkono wenye povu, kisha akamsogezea wifi yake sabuni.